Matundu Manne

Tangazo la kiwanda cha viatu lilikuwa na matundu manne ya misumari, moja kila kona, na hapo ndipo Koleo alipoisahau chai yake.

Alikuwa kwenye meza ya nyuma ya masijala ya mahakama ya ufilisi. Mguu mmoja wa meza hiyo ulikuwa mfupi, ukainuliwa kwa kitabu cha sheria ya zamani, kile chekundu chenye jalada gumu. Kitabu kilikuwa kimepata kazi yake ya mwisho. Bunge lilikuwa limeifuta sheria ile na kuleta mpya, na sheria mpya ilitoa siku tisini za kufungua upya majalada yaliyofungwa kwa hila. Siku themanini na saba zilikwishapita.

Koleo halikuwa jina alilopewa na wazazi. Wenzake kazini walimwita hivyo kwa sababu akishika haachii. Alikuwa mpelelezi wa kitengo kipya cha ufilisi, na mbele yake yalikuwa majalada tisa. Kampuni tisa, mitaa tisa, miaka tofauti, lakini mfilisi mmoja tu: mwanamume aliyejulikana mahakama nzima kwa jina la Mtanashati.

Sheria ya zamani ilikuwa hivi. Kampuni ikifilisika, mahakama inamteua mfilisi wa kuuza mali na kuwagawia wanaodai. Tangazo linabandikwa kwenye lango la kampuni siku ishirini na moja. Anayedai aje ndani ya siku hizo. Asipokuja, shauri lake. Kwa Mtanashati, waliokuja kwa wakati walikuwa walewale siku zote: shemeji yake, binamu yake, na rafiki mmoja wa shemeji. Wafanyakazi hawakuja kamwe. Kampuni tisa, na hakuna hata fundi mmoja aliyesoma tangazo.

Wiki mbili nzima Koleo alizipoteza kwenye sahihi. Kila tangazo lilikuwa na kiapo cha dalali wa mahakama nyuma yake: nimebandika tarehe fulani, nimebandua tarehe fulani. Koleo aliapa kwamba sahihi zile zimeghushiwa. Mtaalamu wa maandishi alizirudisha na barua ya mistari miwili. Sahihi ni za dalali mwenyewe, zote tisa.

"Chai yako inaota ukungu," alisema Mama Jalada. Alikuwa mtunza masijala kwa miaka thelathini, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mama, unalikumbuka lango la kiwanda cha viatu?"

"Mimi viatu vyangu nilinunua vya mitumba, baba. Kiwanda kilinijuaje?"

"Lango lile lilikuwa chuma kitupu. Bati nene, limechomelewa juu mpaka chini. Kuta za pande zote mbili ni zege. Sasa niambie, hii misumari ilipigiliwa wapi?"

Mama Jalada aliishika karatasi kwa vidole viwili kama mtu anayemwinua panya kwa mkia. "Labda kwenye mti."

"Hapakuwa na mti."

"Na wewe unayajuaje yote hayo?"

Koleo alivuta jalada la pili, la kiwanda cha magodoro. Matundu manne. La tatu, la kampuni ya mabasi. Matundu manne. Aliyafungua yote.

"Mbona kila mtu alipenda misumari hivi? Gundi ilikuwa haijavumbuliwa?"

Mama Jalada akacheka puani. "Hiyo muulize jaji wetu mstaafu. Mzee yule alikuwa na ugonjwa wa matundu. Ukimletea tangazo lililobanduliwa, analiinua dirishani. Akiona matundu, anasema limebandikwa, tuendelee. Asipoyaona, anakutupia jalada lako. Kila dalali alilijua hilo."

"Kwa hiyo tundu lilikuwa ushahidi."

"Tundu ndilo lilikuwa ushahidi wenyewe."

Koleo alisimama. Alizichomoa karatasi tisa, akazipanga moja juu ya nyingine, akazigonga mezani mpaka kingo zikakaa sawa. Akaenda dirishani, akaziinua kama jaji mstaafu.

Mwanga ulipita. Nukta nne za jua zilitua kwenye shati lake, mbili kifuani na mbili tumboni. Karatasi za miaka sita, za milango ya mbao, ya chuma na ya wavu, na matundu yake yalikuwa yamelingana kama vifungo.

Mama Jalada aliacha kucheka.

"Swali moja," alisema Koleo. "Muhuri wa mahakama unagongwa lini? Kabla ya tangazo kwenda kubandikwa, au likirudi?"

"Kabla. Dalali hatoki hapa na karatasi isiyo na muhuri. Naugonga mimi mwenyewe."

Koleo alilaza tangazo la kiwanda cha viatu chini ya taa. Muhuri wa buluu ulikuwa kona ya chini kushoto, na tundu la kona hiyo lilipita katikati yake. Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Kingo za tundu, kule ndani, zilikuwa za buluu. Akaigeuza. Nyuma, kulizunguka tundu, wino ulikuwa umevuja ukaacha duara dogo. Msumari ungepita baada ya muhuri, ungeuchana wino uliokwisha kukauka. Hapa wino ndio uliolikuta tundu.

"Ulipogonga muhuri, tundu lilikuwa limekwishakuwepo," alisema.

Mama Jalada alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Yaani hii karatasi ilipigwa misumari kabla ya kuzaliwa."

"Zote tisa, mama. Kwa pigo moja."

*

Dalali alikuwa amestaafu. Siku hizi alikodisha viti vya plastiki na maturubai, na asubuhi iliyofuata Koleo alimkuta uani akihesabu viti vilivyorudi kutoka kwenye sherehe, akivigeuza kimoja kimoja kutafuta vilivyopasuka.

"Unataka viti vingapi?" aliuliza bila kuangalia.

"Nataka karatasi tisa."

Dalali akageuka. Alikuwa mzee mkavu, mrefu, mwenye macho ya mtu aliyetoa watu wengi nje ya nyumba zao. "Ah. Koleo. Nilisikia utakuja. Nilidhani utakuja na pingu, kumbe umekuja na bahasha."

"Pingu nzito, mzee. Bahasha nyepesi." Koleo alizipanga karatasi juu ya kiti, akaziinua juani. Nukta nne zikaanguka kwenye turubai la kijani.

Mzee alizitazama muda mrefu. Kisha akaketi.

"Bunda zima," alisema. "Fomu tupu, zikiwa bado ndani ya bunda lake. Niliziweka kwenye benchi la seremala jirani yangu, nikapigilia misumari minne ya inchi tatu, nikaing'oa. Bunda likanitosha miaka sita. Jaji alitaka matundu, mimi nikampa matundu."

"Nani alikutuma?"

"Uvivu."

"Uvivu ulikulipa kiasi gani?"

"Usinichokoze, kijana. Nimekujibu ulichouliza." Dalali alichukua kiti kilichopasuka, akakiweka pembeni. "Na andika na hili, usije ukalisahau. Kutoboa karatasi si kosa la jela. Matangazo nilibandika. Kwa gundi. Tundu lilikuwa la jaji, gundi ilikuwa ya lango. Nitasema hivyo mbele ya mahakama, na Mtanashati atasema hivyo, na hakuna wa kutubishia."

"Wafanyakazi watabisha."

"Wafanyakazi wapi? Wametawanyika kama kuku. Na hata ukiwapata, watasema nini? Nilipita siku moja sikuona kitu? Labda upepo ulilichukua siku hiyo. Niletee mtu mmoja aliyekaa kwenye lango mojawapo siku ishirini na moja mfululizo, kila siku, macho wazi." Alicheka, meno yakaonekana. "Hakuna mwendawazimu wa namna hiyo."

Koleo alizirudisha karatasi kwenye bahasha, polepole, moja baada ya nyingine.

"Alikuwepo mmoja," alisema. "Amekufa."

"Basi poleni kwa msiba," alijibu dalali, akarudi kwenye viti vyake.

*

Wakili wa kitengo alikuwa mwanamke kijana mwenye kalamu tatu nyweleni, na kila alipofikiri alichomoa moja. Mchana ule, ndani ya masijala, alikuwa amezichomoa zote.

"Matundu na wino vinatosha kumwaibisha," alisema. "Havitoshi kumfunga. Dalali yuko sahihi, kaka. Lazima tuthibitishe kwamba walau lango moja halikuwa na tangazo. Tukivunja moja, mengine manane yanafuata. Sasa huyo mwendawazimu alikuwa nani?"

"Baba yangu."

Mama Jalada, aliyekuwa akifunga majalada kwa kamba, aliiacha kamba.

"Alikuwa mkata ngozi kiwandani," Koleo aliendelea, kwa sauti ileile aliyotumia kusoma ripoti. "Asubuhi moja walikuta kufuli. Wenzake wakarudi nyumbani. Yeye alisema watafungua tu, hawawezi kuacha ngozi ioze ndani. Akawa anakwenda kila siku na kisu chake amekifunga kwenye aproni. Anaketi kwenye jiwe, mgongo kwenye lango, tangu asubuhi mpaka jua linaposhuka. Siku thelathini na moja. Mimi nilikuwa polisi wa zamu za usiku, kwa hiyo mchana nilikuwa huru. Nilimpelekea chakula kila siku, tunakula pamoja, tumeegemea bati lile. Naijua kila kutu yake. Halikubandikwa hata kipande cha gazeti."

"Halafu?"

"Siku ya thelathini na mbili mpita njia akatuambia mambo yenu yako mahakamani. Tukaja hapa. Mtanashati alikuwa dirishani akisaini kitu. Hakutuangalia. Alisema, umechelewa, mzee, tangazo lilikaa siku ishirini na moja. Akaendelea kusaini. Wiki hiyo walipitisha mashine za kushonea soli mbele ya nyumba yetu, kwenye lori la shemeji yake."

"Nilikuwa upande wa ndani wa dirisha," alisema Mama Jalada. "Alikuwa amefunga kitu kwenye aproni ya buluu. Nilidhani ni chakula."

Wakili alirudisha kalamu moja nyweleni. "Kaka, huwezi kusaini ombi hili."

"Najua kifungu."

"Mpelelezi mwenye ndugu miongoni mwa wanaodai lazima ajitoe. Ukisaini, siku ya kwanza wakili wake ataomba kesi ifutwe, na itafutwa, zote tisa. Yeye anakujua?"

"Wiki iliyopita tulipishana kwenye ngazi. Aliniambia, hujambo, mwana wa mkata ngozi."

"Ndiyo maana hana haraka. Anasubiri usaini."

Koleo aliitazama karatasi ya ombi iliyokuwa mezani, na mstari mtupu pale chini. "Miaka saba nimeungoja mstari huu," alisema. "Niliacha polisi, nikahamia huku, nikasoma vitabu nisivyovielewa, kwa ajili ya kuweka jina langu hapa na yeye alione."

"Unataka sahihi, au unamtaka yeye?"

Koleo aliusugua mstari ule mtupu kwa kidole. Nje, mtu alikuwa akipiga mashine ya taipu, kidole kimoja kimoja.

"Mpelelezi haruhusiwi kuwa shahidi," alisema hatimaye.

"Haruhusiwi."

"Na mtu asiye mpelelezi?"

Wakili alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Mtu aliyekula mchana siku thelathini na moja ameegemea lango, huyo ningemweka kizimbani akiwa amevaa hata kaptula."

Koleo aliandika barua ya kujitoa, mistari minne. Wakili akatia sahihi kuchukua majalada tisa. Kwa mujibu wa sheria mpya, kila badiliko la mpelelezi lilipaswa kutangazwa hadharani, kwa hiyo Mama Jalada alichapa tangazo, akaligonga muhuri, akatoka nalo mpaka mlango mkuu. Pale kwenye kioo cha mlango, upande wa nje, palikuwa tayari na tangazo jingine, lile la siku tisini. Akalipaka hili la pili gundi nyuma yote, akalibandika kando ya lile, akapiga kofi kila kona.

*

Siku ya tisini Mtanashati alikuja mwenyewe kwenye ofisi ya kitengo, ghorofa ya pili, saa nane na robo mchana. Suti ya kijivu, kofia mkononi, viatu vya kahawia vilivyong'arishwa mpaka vikaakisi miguu ya meza. Koleo aliviangalia viatu. Soli ilishonwa kwa mashine, mshono mmoja mrefu usio na kosa.

"Hujambo, mwana wa mkata ngozi."

"Sijambo. Karibu. Kiti hicho."

Mezani palikuwa na fomu moja ya kurasa nne. Koleo aliisukuma mbele ya mgeni. "Hii ni fomu ya kukiri kwa hiari. Mfilisi atakayekiri ndani ya siku tisini anarudisha alichochukua, lakini hashtakiwi. Inapokelewa masijala, kule chini, na masijala inafungwa saa tisa na nusu. Nakuonyesha kwa sababu ni haki yako kuonyeshwa."

"Haki zangu nazijua." Mtanashati aliweka kofia juu ya fomu, na juu ya kofia funguo za gari. "Sikuja kukiri. Nimekuja kukutazama ukifanya kazi. Inasemekana ukishika huachii."

"Watu wanasema mengi."

"Umeshasaini?"

"Chai?" aliuliza Koleo.

Wakanywa chai. Mtanashati aliongea, maana alikuwa mtu wa kupenda sauti yake. Alisema sheria mpya ni sheria ya watu wenye kinyongo. Alisema kiwanda kilichokufa ni maiti, na lazima awepo wa kuikata maiti. Alisema dalali ni mzee mwongo lakini atasimama imara. Koleo aliitikia, akamwongezea sukari, akamwacha aseme. Saa ya ukutani ilifika tisa kasoro robo, ikafika tisa, ikapita.

"Huniulizi kitu?" Mtanashati alishangaa.

"Sina swali."

"Mpelelezi asiye na swali. Baba yako alikuwa na maswali mengi kuliko wewe."

Koleo alikiweka kikombe chini taratibu, kwa mikono miwili.  Alihesabu mpaka kumi.

Saa tisa na dakika ishirini wakili aliingia na nakala ya ombi. Mtanashati alinyoosha mkono kabla hajaambiwa, akafunua ukurasa wa mwisho kwa dole gumba, uso umejaa furaha. Akasoma sahihi. Akaisoma tena.

"Hii siyo yako."

"Siyo yangu," alisema Koleo.

"Hii ni ya nani?"

"Ya kwangu," alisema wakili. "Ombi limewasilishwa tangu asubuhi. Shikamoo."

Mtanashati hakuitikia shikamoo. Alirudi ukurasa mmoja nyuma, kwenye orodha ya mashahidi. Jina la kwanza lilikuwa la Koleo, lile alilopewa na wazazi, na mbele yake imeandikwa: mwana wa marehemu mkata ngozi, aliyekuwepo langoni siku zote ishirini na moja na kumi za ziada.

"Wewe ni mpelelezi," alisema Mtanashati. Sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Mpelelezi hawezi kuwa shahidi."

"Nilijitoa jana. Ndiyo maana sijakuuliza swali hata moja. Umekuja mwenyewe, umeongea mwenyewe."

"Sikuambiwa."

"Ilibandikwa mlango mkuu. Umeipita ukiingia."

Mtanashati aliitazama saa ya ukutani. Kisha akainua kofia yake, funguo zikaanguka sakafuni, na chini ya kofia ilikuwa fomu, nyeupe, kurasa nne. Akapapasa mifuko. Koti zima la suti ile halikuwa na kalamu.

Koleo akampa yake.

Aliandika kama mtoto anayekimbizana na kengele, akaruka mistari, akakosea tarehe akaifuta kwa kidole. Saa tisa na dakika ishirini na tisa aliinuka, akaziacha kofia na funguo, akatoka. Walisikia viatu vyake kwenye ngazi, ghorofa ya kwanza, halafu chini. Mwendo ule haukuwa wa mtu mtanashati.

Koleo alishuka nyuma yake, bila haraka, mkono kwenye reli.

Alipofika ukumbini, kidirisha cha masijala kilikuwa kimekwisha kushushwa. Mtanashati alikuwa akikigonga kwa kiganja, fomu imekunjamana mkononi. Saa kubwa ya ukumbi ilionyesha tisa na dakika thelathini na moja.

"Mama, fungua. Dakika moja tu. Mama yangu, tafadhali, unanifahamu."

Kidirisha kiliinuka upana wa vidole vinne. Miwani iliyofungwa kwa uzi ilimtazama kutoka gizani.

"Nakufahamu," alisema Mama Jalada. "Umechelewa, mzee. Tangazo lilikaa siku tisini."

Kikashuka.

Mtanashati alisimama pale. Kisha aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuingia jengo lile, akautazama mlango mkuu kutokea ndani. Jua la alasiri lilikuwa upande wa pili wa kioo, likizimulika karatasi mbili zilizokaa sambamba, maandishi yake yakionekana kinyume. Hazikuwa na tundu hata moja.